Nani kasema kutazama si sayansi?

Vyuoni mwetu imeota mizizi imani kwamba utafiti wa saikolojia usio na majedwali ya takwimu ni porojo. Mwanafunzi akisema anataka kukaa na familia chache kwa miezi kadhaa, atazame na kusikiliza, jopo humuuliza kwanza ukubwa wa sampuli yake. Akitaja idadi ndogo, huambiwa akagawe hojaji kwa mamia ya watu. Imani hiyo ni potofu, na kinachoiumbua kilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na mumewe, aliyepata kazi Makerere. Enzi hizo wafuasi wa Freud, na hata wapinzani wao, waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye ampaye maziwa. Ainsworth naye alikuwa na dhana hiyo. Akaanza kuzitembelea nyumba za Waganda vijijini, yeye na mkalimani, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda wa hadi miezi tisa. Alikwenda alasiri, saa ambazo akina mama walizoea kupokea wageni, akaketi nao sebuleni. Familia zilikuwa 26 tu, watoto 28.

Alimwona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza vitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi kumgusa, kisha akiondoka tena kwa ujasiri. Aliona wengine wakilia hata wakiwa wamebebwa. Akagundua pia kwamba mama aliyeweza kumsimulia mtafiti habari za mwanawe kinaganaga, tabia moja baada ya nyingine, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Habari ya maziwa haikutosha kueleza hayo yote, na Ainsworth akaiacha dhana aliyokuja nayo. Hojaji gani ingeyafichua hayo? Hojaji huuliza yale tu ambayo mtafiti ameshayawaza.

Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kazi hiyo aliiendeleza Baltimore, Marekani, na humo likazaliwa jaribio la dakika 20 hivi la kupima uhusiano wa mtoto na mama, ambalo limetumika nchi nyingi. Takwimu zilikuja baadaye, zikiwa juu ya msingi uliojengwa kwa macho na daftari.

Wapo wanaosema mtazamaji huona anachotaka kuona. Mbona Ainsworth aliona kinyume cha alichotarajia? Na huyo anayegawa hojaji je? Mama wa kijijini anapoulizwa na mgeni mwenye kalamu kama anamchapa mtoto, hujibu kwa adabu, na adabu hiyo huingizwa kwenye kompyuta ikatoka na desimali mbili.

Anayetaka kujua tatizo limeenea kiasi gani, ahesabu, hilo silipingi. Ila ninyi mnaoketi kwenye majopo, mwanafunzi akija na familia zake chache, muulizeni atazitembelea mara ngapi, ataandika nini, na nani atayahakiki maandishi yake. Akijibu vizuri, mpeni ruhusa aende.