Nani aulizwe kuhusu panya wa Lushoto?

Kabla ya barabara, machimbo au skimu ya umwagiliaji kuanza, wananchi waulizwe. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kanuni zake za 2005 zinamtaka mwenye mradi aitishe mikutano, na muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili pia, bila lugha ya kitaalamu. Kwenye karatasi tuko vizuri. Tatizo ni nani anafika mkutanoni, na anaulizwa nini.

Tuitazame Lushoto. Tauni ilizuka huko mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia wakafa. Lakini haikuenea wilaya nzima: vijiji fulani vya milimani vilipigwa tena na tena, vingine vikasalimika, na watafiti wamehangaika kueleza kwa nini. Wanawake na watoto ndio walioumia zaidi. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hufuata mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba. Anayelala sakafuni yuko jirani na viroboto. Panya wakianza kufa ovyo, hiyo ni dalili ya hatari kabla mtu hajapata homa na mitoki. Na anayemwona kwanza panya aliyekufa ni yule anayefagia.

Je, huyo yupo kwenye mkutano wa hadhara? Mara nyingi yuko shambani au sokoni na mboga zake. Waliohudhuria wanauliza ajira na fidia, maswali halali kabisa, na afya inaishia kwenye vumbi, kelele na Ukimwi, aya zinazofanana ripoti hadi ripoti. Hakuna aliyeuliza kama kufyeka kichaka kile kutawasogeza panya majumbani.

Mtaalamu wa tathmini aketi na wanawake peke yao, saa wanayoitaka wao. Azungumze na wahudumu wa afya wa vijiji na kuuliza zahanati kuhusu magonjwa ya miaka iliyopita. Wenye miradi watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Ni siku tatu au nne tu! Kisha muhtasari wa Kiswahili usomwe kwa sauti kijijini kabla cheti cha mazingira hakijatolewa, na mama aliyetaja panya aonyeshwe ukurasa alipojibiwa.