Mapaa ya mjini yasiwe kuni



Natoa rai yangu juu ya mapaa ya majengo ya mijini, hasa hapa Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa kupaua, kwa hiyo ninayoyaeleza ni yale yaliyo juu ya dari, ambayo mpangaji na mteja hawayaoni.

Kila yanapoungua maduka, wananchi huuliza moto umeanzia wapi. Hilo ni swali la haki. Lakini liko swali la pili ambalo haliulizwi sana: kwa nini moto ulioanzia chumba kimoja umefika chumba cha kumi? Mara nyingi jibu liko darini. Tazama safu ya fremu za maduka. Kila fremu ina mlango wake na kufuli yake, na mwenye duka anadhani amejitenga na wenzake. Kumbe kuta zinazogawa maduka hayo zimeishia usawa wa dari, hazikupandishwa mpaka kwenye mabati. Juu yake ni uwazi mmoja mrefu tangu mwanzo wa safu hadi mwisho, umejaa kenchi na papi za mbao zilizokaushwa na joto la miaka mingi, na nyaya za umeme zimepitishwa humo humo. Bati haliungui, ni kweli, lakini bati ni ngozi tu. Mifupa ni mbao. Moto ukipenya humo hutembea juu ya vichwa vya watu kabla hawajaona moshi. Mfanyabiashara aliyezima taa zake zote na kufunga vizuri anakuta mali yake majivu kwa hitilafu iliyotokea maduka kumi kutoka kwake.

Kuta hizo huachwa fupi ili mwenye jengo aokoe matofali machache. Hasara inamwangukia mpangaji, ambaye pengine mzigo wake ni wa mkopo na hana bima. Hii si haki hata kidogo.

Jambo la pili ni makuti. Siku hizi baa na hoteli nyingi za mjini zinapendelea makuti. Sina ugomvi nayo, kwani ni baridi, ni rahisi, na ni ufundi wa wazee wetu wa pwani. Lakini kijijini nyumba ya makuti ina nafasi kuizunguka. Mjini makuti yanawekwa juu ya jiko la mishikaki, chini ya waya wa umeme, na ukingo wake unagusa dirisha la jirani. Upepo ukiwa mkali, cheche zake hazichagui nyumba. Wenzetu wa Kampala walipata pigo kubwa tarehe 16 Machi, 2010, pale nyumba kuu ya makaburi ya Wafalme wa Buganda huko Kasubi, iliyoezekwa kwa nyasi, ilipoteketea, ingawa ilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001.

Wapo watakaosema basi makuti yapigwe marufuku. Sikubaliani nao. London ilikataza mapaa ya nyasi tangu mwaka 1212, lakini mwaka 1997 ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Globe ulifunguliwa huko ukiwa na paa la nyasi, kwa sharti la kuwekewa mabomba ya kunyunyizia maji. Na Globe ya zamani ndiyo iliyoungua mwaka 1613, mzinga ulipofyatuliwa katikati ya mchezo na paa likashika moto! Kwa hiyo paa la asili linaweza kuruhusiwa mjini, ila mwenye nalo agharimie usalama wake. Ziko dawa za kupunguza kasi ya moto kwenye makuti, lakini nyingi huoshwa na mvua, hivyo kupaka mara moja siku ya ufunguzi hakutoshi.

Tusikimbilie pia kitu chochote kwa kuwa tu hakiungui. Mabati ya asbesto yalisifiwa kwa hilo, na leo tunajua vumbi lake huleta saratani. Wala paa zuri peke yake si kinga. Soko Kuu la Kariakoo lina paa la zege, tena la kusifika, lakini liliungua tarehe 10 Julai, 2021. Bidhaa zilizo ndani nazo ni kuni. Miezi sita baadaye, Januari 2022, soko la Karume nalo likateketea. Ni jambo la kusikitisha, lakini lisiishie katika kusikitika.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ipo, na jeshi hilo hukagua majengo. Rai yangu ni hii. Kwanza, mkaguzi aje na ngazi, apande darini, asiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto iliyotundikwa ukutani. Pili, halmashauri zisitoe kibali cha safu ya maduka kama ramani haioneshi kuta zinazofika kwenye bati. Tatu, makuti ya biashara yakae mbali na jiko, waya na jirani, na tangi la maji liwe karibu. Nne, masharti makali yaanze na wenye hoteli, baa na maghorofa ambao uwezo wanao, siyo na mama lishe na kibanda chake.

Nanyi mafundi wenzangu, tajiri akikwambia ukuta uishie darini, mweleze hatari yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta wenyewe ndio tumeuacha nusu.

Fundi wa Kupaua,
Temeke, Dar es Salaam.