Ohio State na Michigan: Mechi inayokula mikeka ya wajuzi

Jumamosi hii, Novemba 29, saa mbili usiku kwa saa zetu, sisi tukiwa tumeshatoka kuswali Isha, mji wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan utakuwa saa sita mchana, na watu zaidi ya laki moja watakuwa wameketi uwanjani kwenye baridi. Chuo Kikuu cha Michigan kinawakaribisha jirani zao Ohio State katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega yaliyotunishwa. Wamarekani hawana haja ya kuitaja kwa majina ya timu. Wao huiita tu "Ile Mechi", na kila mtu anafahamu.

Msomaji atauliza, sisi watu wa Pwani yatuhusu nini? Nami nilikuwa nikijiuliza hivyo mpaka juzi, kijana mmoja wa mtaani aliponionyesha mkeka wake barazani. Mechi tano. Nne ni za Ulaya, anazozijua kama kiganja cha mkono wake. Ya tano ni Ohio State. "Hii ni ya bure, ami," akaniambia. "Hawajafungwa hata mara moja mwaka huu." Nikamwuliza kama anajua mpira huo unachezwa vipi. Akacheka. Hajui, na wala hakuona kama hilo ni tatizo.

Basi makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzetu walioko huko. Columbus, mji wa Ohio State, una mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na miongoni mwao wamo waliopitia kambi zetu za Kenya na wanaozungumza Kiswahili. Upande wa pili, kutoka Ann Arbor hadi Dearborn, mji wenye misikiti mingi na Waislamu wengi wa asili ya Kiarabu, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Watoto wa jamii hizo wamekulia humo, na wiki hii mashuleni mwao hakuna gumzo jingine.

Kwanza tuuelewe mchezo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi, yaani kama mita tisa. Ikifanikiwa, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kusonga mbele kuna njia mbili: kuurusha mpira hewani kwa mwenzako aliye mbele, au kumkabidhi mkimbiaji apenye katikati ya majitu yanayosukumana. Ukiufikisha mpira mwisho wa uwanja unapata alama sita na nafasi ya kuongeza. Ukiupiga teke ukapita kati ya milingoti unapata tatu. Anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira anaitwa kwotabeki. Hayo yanatosha kwa leo.

Uhasama wenyewe una mizizi ya ardhi, jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1835 Ohio na Michigan zilikusanya wanamgambo zikigombania ukanda wa mpaka wenye mji wa Toledo. Serikali kuu ikaamua Toledo iende Ohio, na Michigan ikafidiwa eneo kubwa la msitu upande wa kaskazini. Mpira ulikuja baadaye, mwaka 1897. Kwenye vitabu vya rekodi Michigan imeshinda mara 62, Ohio State 51, na sare ni sita. Hadi leo, wiki ya mechi hii ikifika, wanafunzi wa Ohio State hubandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M iliyoko chuoni mwao ili isionekane.

Sasa tuje kwenye mkeka wa kijana wetu. Ni kweli, Ohio State wameshinda mechi zao zote 11. Ni mabingwa watetezi wa taifa. Katika mechi hizo hakuna timu iliyowafunga zaidi ya alama 16, na kwa wastani wanaruhusu chini ya alama nane, kiwango ambacho ni nadra kukiona siku hizi. Nyuma wana Caleb Downs, beki anayesoma mchezo kabla haujaanza. Kwotabeki wao, Julian Sayin, karibu mara nane katika kila kumi anaporusha mpira, unafika mikononi mwa mwenzake. Na wapokeaji wake wawili, Jeremiah Smith na Carnell Tate, ni vijana ambao timu yoyote nchini humo ingetamani kuwa na mmoja wao.

Michigan wameshinda tisa na kufungwa mbili, na Oklahoma na USC, na zote mbili walifungwa kwa zaidi ya alama kumi. Northwestern nusura iwaaibishe. Waliokolewa na teke la dakika ya mwisho, 24-22. Kwotabeki wao, Bryce Underwood, ni mtoto wa hapo hapo jirani, Belleville, mwenye umri wa miaka 18, na huu ni mwaka wake wa kwanza chuoni. Mkimbiaji wao tegemeo, Justice Haynes, ameumia na yuko nje. Ukiziweka timu hizi mbili kwenye mizani, hakuna mashindano.

Lakini mwulize shabiki wa Ohio State ni lini timu yake ilifungwa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo wameshinda mechi 15 mfululizo, wakachukua na ubingwa wa taifa juu yake. Siku yenyewe ilikuwa Novemba 30 mwaka jana, na waliowafunga ni Michigan.

Na walifungwaje! Michigan walikuja Columbus wakiwa na ushindi wa mechi sita na vipigo vitano. Kampuni za kamari ziliipa Ohio State nafasi ya kushinda kwa alama takriban 20. Kwotabeki wa Michigan alirusha mpira kwa jumla ya yadi 62 tu, akanyang'anywa mara mbili. Kwa hesabu ya kawaida timu kama hiyo hufungwa vibaya. Ikashinda 13-10, kwa teke lililopigwa zikisalia sekunde 45. Ilikuwa mara ya nne mfululizo Ohio State kulala mbele ya Michigan. Kocha wao, Ryan Day, ambaye ni nadra kufungwa na timu nyingine, amekutana na Michigan mara tano na kushinda moja tu, mwaka 2019.

Siri iko wapi? Iko katikati ya uwanja, mahali ambapo mtazamaji mgeni hapaangalii. Mwaka jana Michigan walipata yadi 172 kwa kukimbia na mpira. Ohio State walipata 77. Mwaka 2021 na 2022 ilikuwa hivyo hivyo, na kwa tofauti kubwa zaidi. Mwaka 2023 pia. Katika miaka yote minne timu iliyokimbia zaidi ndiyo iliyoshinda, na kila mara ni Michigan. Ohio State walikuwa na warushaji na wapokeaji bora, lakini mwisho wa Novemba, kwenye baridi, wapinzani wao waliamua kusukumana, nao wakasukumwa.

Na hili si jambo la jana. Mwaka 1969 Ohio State walifika Ann Arbor wakiwa mabingwa, wakiwa hawajafungwa katika mechi 22. Michigan walikuwa na kocha mgeni, Bo Schembechler, aliyewahi kuwa msaidizi wa kocha wa Ohio State, Woody Hayes. Mwanafunzi akamshinda mwalimu, 24-12.

Kwa hiyo Jumamosi tazama mambo matatu. La kwanza ni afya ya Smith na Tate. Hawakucheza wiki iliyopita dhidi ya Rutgers, na bila wao Sayin anabaki na silaha nusu. La pili ni mkimbiaji wa Michigan, Jordan Marshall. Naye alikosa mechi iliyopita kwa jeraha la bega. Kijana huyu alizaliwa Ohio, akatajwa mchezaji bora wa shule za sekondari za Ohio, kisha akavuka mpaka kwenda kuwachezea mahasimu. Akiwa mzima, Michigan wana mchezo. Asipokuwepo, mzigo wote unamwangukia mtoto wa miaka 18 mbele ya ulinzi mgumu kuliko wote. La tatu ni robo ya kwanza. Ohio State wakitangulia mapema, Michigan watalazimika kurusha mpira, na hapo ndipo wanapopungukiwa. Lakini ikifika mapumziko na tofauti ni alama tatu au nne, utaziona nyuso za Ohio State zikianza kubadilika.

Kuna na fitina inayozidisha moto. Agosti mwaka huu chama cha michezo ya vyuo kiliitoza Michigan faini ya mamilioni ya dola kwa sababu mmoja wa watumishi wake alituma watu viwanjani kurekodi ishara za siri za wapinzani. Watu wa Ohio wanasema ushindi wa miaka ile una doa. Watu wa Michigan wanajibu kwamba mtumishi huyo aliondoka mapema Novemba 2023, na baada yake wameshinda mara mbili, zote mbili Sherrone Moore akiwa ndiye kocha uwanjani. Mwaka jana baada ya filimbi, wachezaji wa Michigan walitaka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Kukazuka ngumi mpaka polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000.

Jingine ni pesa. Kwa zaidi ya miaka mia moja vijana hawa walijaza viwanja bila kulipwa mshahara. Makocha walitajirika, vyuo vikajenga, mchezaji akaambiwa atosheke na karo. Tangu 2021 wameruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, na tangu Julai mwaka huu, kufuatia uamuzi wa mahakama, kila chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Mimi naona haki imechelewa kufika, lakini imefika. Hata hivyo pesa haikumaliza hesabu ya mechi hii. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State mwenyewe alisema kikosi cha mwaka jana kiligharimu kama dola milioni 20. Kikosi hicho ndicho kilichofungwa na kwotabeki wa yadi 62.

Utabiri wangu? Naipa Ohio State, kwa tofauti ya alama kama kumi. Safari hii ulinzi wao ni mzito katikati, hasa pale palipovunjika miaka minne, na wanaye mkimbiaji kijana, Bo Jackson, anayewawezesha kujibu kusukuma kwa kusukuma. Wakishinda watakwenda fainali ya ligi yao mjini Indianapolis wiki ijayo wakiwa na rekodi safi. Lakini mwaka jana waliotabiri hivyo walikuwa na sababu nzuri kuliko zangu.

Na hapo namrudia kijana wangu wa barazani. Kwamba kamari ni haramu analijua. Alifundishwa madrasa kama mimi. Nataka aongeze na hili. Katika jimbo lenyewe la Ohio, ambako kamari ya michezo ni halali, tangu Machi 2024 ni marufuku kubeti juu ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo, kwa sababu waliopoteza pesa walikuwa wakiwatukana na kuwatishia wanafunzi hao. Wanaoijua mechi hii tangu utoto wamewawekea vijana wao ukuta. Sisi tusioijua tunaambiwa kwa simu kwamba ni ya bure.

Kijana huyo babake ni mvuvi. Pesa ya mkeka ule ni nauli ya siku mbili. Nimemwambia aje Jumamosi baada ya Isha, tutafute mahali tuitazame pamoja, nimfafanulie yadi kumi ni nini na kwa nini watu wazima hubandika utepe kwenye herufi M. Mpira huo ni mtamu ukiuelewa, na hauhitaji shilingi yako ndani yake ndipo moyo ukudunde. Amesema atakuja. Kama mkeka ameufuta au la, hilo hajaniambia.