Jina la Baiskeli au Baiskeli Yenyewe?



Muhula huu mzima pamekuwa na mabishano katika mabweni yetu, na kwa kuwa katika mabishano ya bwenini aghalabu hushinda mwenye sauti kubwa, nimeona heri niandike maoni yangu katika gazeti letu, ambamo kila mtu hupimwa kwa hoja zake. Mabishano yenyewe ni haya: je, baiskeli aliyoiunda mtu mwenyewe, juu ya fremu ya kaboni isiyoandikwa jina la kampuni yoyote, ni ya kujivunia au ni ya kuonea haya?

Wako wenzetu wasemao kwamba fremu isiyo na jina ni kama barua isiyo na sahihi, nayo haifai kuaminiwa. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wao husema mtu akiwa na fremu ya namna hiyo, dawa yake ni kununua karatasi za kubandika zenye jina la kampuni kubwa ya Marekani au Italia, na hapo mambo yamekwisha. Mimi siafikiani na wa kwanza, na hao wa pili nawapinga kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza natupeleleze majina hayo yanatoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba jina lililoandikwa kwenye fremu ndilo la kiwanda kilichoiunda. Mara nyingi sivyo. Kampuni ya Giant ilianzishwa Taiwan mwaka 1972, na kwa miaka mingi iliunda baiskeli zilizouzwa Marekani kwa jina la Schwinn. Mnunuzi wa huko alijivunia baiskeli ya kwao, kumbe imetoka mikononi mwa mafundi wa Taichung. Kampuni nyingine ya Taiwan, Merida, nayo huunda baiskeli zake na za wengine, na tangu mwaka 2001 ina hisa katika kampuni ya Specialized ya Marekani. Leo fremu nyingi za kaboni duniani, zenye majina na zisizo na majina, huundwa Taiwan na China.

Kaboni yenyewe si jambo la jana. Mwaka 1986 Greg LeMond wa Marekani alishinda mbio za Tour de France juu ya fremu ya kaboni, na mwaka uliofuata Giant ilianza kuuza baiskeli za kaboni zilizoundwa kwa wingi kiwandani. Kazi yake ni ya mkono kuliko watu wanavyofikiri. Vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyokwisha kulowekwa gundi ya epoksi hukatwa vipande vingi, hupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, hukandamizwa kwa mfuko wa hewa, kisha hupikwa kwa moto mpaka vishikamane. Nguvu ya fremu hutegemea nyuzi zimelala upande gani na kama mpangaji alikuwa mwangalifu.

Vipo viwanda vinavyomiliki kalibu zao wenyewe na kumwuzia fremu yeyote atakaye. Mfanyabiashara mmoja huipaka nyekundu na kuiandika jina lake, wa pili huipaka bluu na kuiandika jina jingine, na wewe nami twaweza kuinunua ikiwa nyeusi tupu. Hiyo ndiyo fremu isiyo na jina ninayoitetea. Lakini sisemi kwamba ni ileile ya kampuni kubwa iliyofutwa maandishi. Uvumi huo wauzaji huupenda sana, nao hauna msingi. Kampuni kubwa huchora fremu zake, hulipia kalibu zake na kuzijaribu. Fremu isiyo na jina ni kitu chake mbali, nayo yafaa ihukumiwe kwa sifa zake yenyewe.

Na hapa pana hatari ambayo sitaki kuificha. Chuma kikielemewa, mara nyingi hupinda kwanza, nawe ukaonywa. Kaboni yaweza kukatika ghafla. Mtu anayeteremka kutoka Marangu kwenda Himo, uma wake wa mbele ukikatika, hatapata nafasi ya kujuta. Kwa hiyo mnunuzi yampasa kuuliza kabla ya kutoa fedha: je, fremu na uma vimejaribiwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 4210? Iko karatasi ya majaribio? Kiwanda ni kipi? Muuzaji asiyejibu maswali haya aachwe, hata kama bei yake ni tamu. Fremu ikifika, ichunguzwe mchana kweupe, ndani na nje, na igongwegongwe kwa sarafu. Mahali pazima hulia mlio mkavu, na mahali ambapo tabaka zimeachana mlio hufifia. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, lakini chaweza kumwokoa mtu.

Sasa nije kwenye faida. Wengi hutaja bei, nao wana haki kiasi. Fremu ya namna hii hupatikana kwa dola 400 hadi 700, na baiskeli kamili zenye majina makubwa zaweza kupita dola 10,000. Lakini asiye mwangalifu huhesabu fremu akasahau magurudumu, gia, breki, usukani, tandiko, nauli ya mzigo na ushuru. Akinunua kila kitu kipya, ule unafuu hupungua sana. Mwenye busara huchukua vifaa vilivyo vizima kutoka baiskeli yake ya zamani, akavihamishia kwenye fremu mpya, mradi vipimo vyao vikubaliane.

Faida iliyo kubwa zaidi ni elimu. Likizo iliyopita nilikuwa Moshi, nikamsaidia kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kuunda baiskeli yake. Fremu ilipofika tulikuta rangi imeingia ndani ya nyuzi za skrubu, pale chini zinapozungukia krenki, na kikombe cha beringi kikakataa kuingia. Kijana mwenye haraka angekilazimisha kwa spana, akaharibu nyuzi na fremu pia. Tulimwita mzee mmoja fundi wa baiskeli ambaye amezitengeneza Raleigh na Phoenix maisha yake yote, na kaboni alikuwa hajapata kuishika. Alitazama, akasafisha nyuzi taratibu kwa tapu, kisha akatukumbusha kwamba kikombe cha upande wa mnyororo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Hakusoma kitabu chochote. Kwa mwendo huo mambo hayakubadilika tangu baiskeli za babu zetu. Kaka alimwambia, "Shikamoo tena, Babu," wote tukacheka.

Basi nani asema kwamba ujuzi wa mafundi wetu umepitwa na wakati? Aliyenunua baiskeli iliyokwisha kukamilika hajui kikombe hicho kiko wapi, na siku kitakapolia atampelekea mwingine fedha.

Hata masomo ya darasani yamo humo. Kidato cha Pili tulifundishwa kwamba nguvu ikizidishwa kwa umbali hutoa nguvu ya kuzungusha. Wengi wetu tuliikariri ili tufaulu mtihani. Lakini shika skrubu ya kubania tandiko. Kwenye kifaa chenyewe pameandikwa isizidi nyutoni-mita 5. Ukizidisha, waweza kuipasua kaboni. Ukipunguza, tandiko litateleza. Mafundi wa mashindano wana spana maalumu ya kupimia. Asiye nayo achukue alenki yenye mkono wa sentimita 10, afunge mwishoni mizani ya springi kama ile ya maabara yetu, na avute kwa pembe mraba mpaka mizani ionyeshe nyutoni 50. Nyutoni 50 kwa mita 0.1 ni nyutoni-mita 5. Hesabu ni ileile ya ubaoni, ila safari hii ukikosea hupotezi alama, unapoteza fremu.

Hali kadhalika shina la uma wa mbele, ambalo halina budi kukatwa kwa msumeno ili lilingane na urefu wa mwendeshaji. Likikatwa fupi haliungiki tena. Kwa hiyo mtu hupima, hupima tena, huacha urefu wa ziada, huendesha majuma kadha, ndipo hukata. Na grisi, ambayo wazee wetu huipaka kila mahali, haipakwi kwenye nguzo ya tandiko ya kaboni. Hapo pana dawa yake yenye chembechembe, izuiayo kuteleza bila kukaza mno. Haya yote humfundisha kijana subira kuliko hotuba nyingi.

Najua wazazi watauliza, "Mtoto amepelekwa shule kusoma au kuchezea baiskeli?" Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba sisemi kila mwanafunzi aagize fremu ya kaboni. Anayebeba magunia ya mahindi au madumu ya maji asiiguse. Mzigo wake wataka chuma na keria imara, na Phoenix yenye uzito karibu wa kilo 20 itamfaa kuliko kitu chochote kitokacho kiwandani leo. Kaboni ni ya mashindano, ambako chama cha mbio za baiskeli cha dunia, UCI, tangu mwaka 2000 hukataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Lakini mashindano nayo ni kazi ya heshima. Mwezi wa Septemba 2025 mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na fulana ya kijani. Naye Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour mara nne, alijifunza ujanani kwa David Kinjah huko Kikuyu, mahali ambapo vijana huendesha baiskeli na kuzitengeneza pia. Mlango umefunguka, nasi tutauingia na baiskeli zipi, ikiwa tutangoja mpaka tuweze kununua zile za dola 10,000?

Sasa nirudi kwa wale wenye karatasi za kubandika. Kupamba baiskeli si kosa. Fremu tupu yataka rangi, na kila mtu ana haki ya kuchagua yake. Aisugue kwa msasa laini asifikie nyuzi, asitumie dawa kali za kutoa rangi kwa kuwa hula gundi, na asiipeleke kwa wapakaji wa rangi ya unga ambayo hupikwa kwa joto la karibu nyuzi 200, maana joto hilo huiharibu epoksi. Baada ya hapo aipake bluu, aipake kijani, aiandike jina la kijiji chao au la bibi yake. Hakuna atakayemlaumu.

Lakini kuandika jina la kampuni ambayo haikuiunda ni uongo, na uongo huo haukomi kwa aliyeubandika. Baiskeli huuzwa. Leo wewe wajua kwamba jina ni la kubandika. Mwakani utamwuzia mwingine, naye atamwuzia wa tatu, na huyo wa tatu atateremka mlima akiamini kwamba fremu yake ilijaribiwa na watu ambao hawajapata hata kuiona. Akiumia, ni nani aliyemwumiza? Fremu isiyo na jina humwambia mnunuzi, "Nichunguze." Fremu yenye jina la uongo humwambia, "Usinichunguze." Tofauti yao ni hiyo, nayo si ndogo. Na pia ni dharau kwa nafsi yako. Umepima kwa mikono yako, umekata, umekaza, umekesha, kisha sifa ya kazi yote wampa tajiri wa ng'ambo ambaye hakujui.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Mkuu wa Shule na walimu wetu. Karakana hufungwa kila Jumamosi mchana. Tunaomba ifunguliwe saa mbili tu chini ya uangalizi wa mwalimu, tulete baiskeli za shule zilizolala nyuma ya ghala, tuzifungue na kuziunda upya. Hizo ni za chuma na hazigharimu kitu. Anayejua kuunda ya chuma ataijua ya kaboni siku atakapoipata. Na wazee mafundi wa hapa mjini waalikwe mara moja kwa muhula watufundishe, kabla hawajaondoka na ujuzi wao.

La pili ni kwenu wenzangu. Ukiona baiskeli, usisome kwanza maandishi ya kwenye fremu. Inua gurudumu ulizungushe, sikiliza beringi, jaribu breki, tazama maungio. Kisha mwulize mwenyewe ni nani aliyeiunda. Akijibu, "Ni mimi," basi mpe mkono.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV