Kodi ya Dunia Haina Mbunge

Tangu mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi Septemba 2023, ambako Rais wetu aliipigia debe kodi ya kaboni ya dunia nzima, wengi wameamini kwamba kodi ya namna hiyo itatutoa kwenye ufukara. Watozwe wanaochafua hewa, twaambiwa, na mabilioni yatatufikia. Mimi sikubali.

Anayenitoza kodi lazima awe mtu ninayeweza kumng'oa. Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya kinakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria. Ndiyo maana Juni 2024 vijana waliopinga kodi mpya walijua pa kwenda: walikwenda Bungeni. Damu ilimwagika, jambo ambalo bado linaniuma, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha. Sasa chukua tozo ya hewa chafu ya meli inayojadiliwa London, katika Shirika la Kimataifa la Bahari, ambayo uamuzi wake uliahirishwa kwa mwaka mmoja Oktoba 2025. Siku itakapopandisha gharama ya kusafirisha ngano na mafuta yanayoshushwa Mombasa, tutaandamana hadi kwa nani?

Watetezi wa kodi za kimataifa husema kampuni kubwa hutorosha faida na nchi moja haiziwezi. Kutorosha zinatorosha. Lakini itazameni dawa yenyewe. Mapatano ya 2021 ya Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi (OECD) yaliweka kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa kampuni zenye mapato ya yuro milioni 750 kwenda juu. Nchi ikitoza pungufu, kilichobaki chaweza kuchukuliwa na nchi yenye makao makuu ya kampuni, na makao hayo kwa kawaida hayako Nairobi wala Dodoma. Tena tulitakiwa tuifute kodi ya huduma za kidijitali, ambayo Kenya ilianza kuitoza Januari 2021 kwa asilimia 1.5. Mwaka huo wa 2021 Kenya na Nigeria zilikataa kujiunga, na zilifanya vyema. Juni 2025 mataifa saba tajiri ya G7 yakakubaliana kuziondolea kampuni za Marekani sehemu kubwa ya masharti ya mapatano hayo. Mwenye nguvu alijitoa alipotaka.

Waheshimiwa wabunge, mkataba wowote wa kodi utakaoletwa mbele yenu ujadiliwe hadharani, kifungu kwa kifungu. Ukitunyang'anya uwezo wa kupanga viwango vyetu wenyewe, ukataeni.