Uvimbe wa taya usisubiri chupa ya mizizi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Kanda ya Ziwa. Mtoto akivimba taya na meno kulegea, wengi wetu huanza na chupa ya mizizi ya sokoni. Uvimbe huo huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Ikiwahiwa, watoto wengi hupona kwa dawa za hospitali, na hapa Mwanza hospitali ya Bugando inatibu saratani.

Sidharau miti shamba. Vinkristini, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, ilitokana na ua la Catharanthus roseus, lile la rangi ya waridi tunalopanda uani. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa miligramu na kupitishwa kwenye mshipa. Ukichemsha majani sufuriani, hujui mtoto kanywa kiasi gani, na ua hilo lina sumu.

Kinachoniuma zaidi ni masharti ya chakula yanayotolewa na wauza mizizi: asile samaki, asile nyama, anywe juisi tu. Mgonjwa aliyekwisha kukonda ananyimwa sato na dagaa, naye anahitaji nguvu za kuhimili matibabu!

Naliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipite minadani na stendi, liwabane wanaotangaza kwa vipaza sauti kwamba wanaponya saratani. Nao madaktari wamuulize mgonjwa anatumia dawa gani za kienyeji bila kumkaripia, maana akikaripiwa ataficha.

Msomaji,
Kirumba, Mwanza