Mzazi Pekee na Usingizi wa Watoto

Liko dai moja katika mazungumzo ya wasomi wetu ambalo hurudiwa kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Husemwa kuwa hadithi za usiku zimekufa, na aliyeziua ni mzazi wa siku hizi: hana subira, hana ngano, huwasha televisheni au humpa mtoto simu, kisha hulalamika kuwa watoto hawalali. Mzazi huyo akiwa peke yake nyumbani, kwa kufiwa, kwa talaka au kwa kutupiwa watoto, lawama huongezeka. Nyumba yake huitwa nusu nyumba, na kelele za watoto wake saa 3 za usiku huhesabiwa kuwa ushahidi. Nakusudia kulipinga dai hili. Nalipinga nikiwa mwalimu wa lugha hii, na vile vile nikiwa mtu alazaye watoto watatu peke yake kila siku: wa kwanza ana miaka 7, wa pili 4, na wa tatu 2.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huihukumu pasipo kuijua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kuwa mtoto wa miaka 3 hadi 4 ahitaji usingizi wa muda wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na aliye mdogo zaidi ahitaji zaidi ya hapo. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 muda wa saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Basi na tufanye hesabu. Mtoto ambaye hana budi kuamka saa 11 alfajiri ili awahi gari la shule, shurti awe amekwisha kulala saa 2 za usiku, apate hicho kiasi cha chini kabisa. Katika pwani yetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1, na wengi wetu hufika nyumbani limekwisha kuzama. Katika muda uliobaki hapana budi kupika, kulisha, kuogesha, kutazama kazi ya shule, kutandika na kuchomekea chandarua. Na chandarua si pambo. Mbu wa malaria huuma usiku, na mtoto azungukaye sebuleni saa 4 yu nje ya ngome yake.

Penye watu wazima wawili, mmoja huogesha na mwingine husikiliza. Mzazi pekee, akimwogesha mdogo, wa kati humwaga maji. Akimtuliza wa kati, mkubwa huja na hesabu zake za shule. Akimlaza mkubwa, mdogo ameamka na kuwaamsha wote. Atakayeona katika hayo upungufu wa tabia hajui kuhesabu, kwani huu ni upungufu wa mikono.

Wako watakaotupeleka kwenye vitabu. Daktari Mmarekani, Richard Ferber, alichapisha mwaka 1985 kitabu kilichopata sifa kubwa, ambamo mzazi hushauriwa kumwacha mtoto kitandani na kukawia kumwendea, akizidisha muda kidogo kidogo, mpaka mtoto ajifunze kulala mwenyewe. Sisemi kuwa shauri hilo ni la uongo. Nasema kuwa lamfaa zaidi mtoto mwenye chumba chake. Katika chumba kimoja chenye watoto watatu, kilio cha mmoja ni mkesha wa wote.

Sasa nawageukia wenzangu wa fasihi. Picha tuipendayo ni ya bibi kando ya moto, na wajukuu wametulia wakimsikiliza. Ni picha ya kweli, walakini tumesahau kuhesabu watu waliokuwamo. Mama hakuonekana pale kwa sababu alikuwa akiosha vyombo. Shangazi alikuwa amempakata mchanga. Mama mdogo alikuwa akitandika mikeka. Bibi aliweza kusimulia kwa kuwa wengine walikuwa wakifanya kazi. Kumlinganisha mzazi pekee na picha ile ni kumlinganisha mtu mmoja na ukoo mzima, kisha kumcheka kwa kushindwa.

Kosa letu la pili ni kubwa zaidi. Tumeifanya ngano kuwa pambo la kuhifadhiwa, ilhali ilikuwa pia chombo cha kazi. Mathalan, itazame hadithi ya mwalimu Goso, ambayo George Bateman aliitia katika kitabu chake cha ngano za Unguja, kilichotoka Chicago mwaka 1901. Tunda la mbuyu lilimwangukia mwalimu, akafa. Wanafunzi wakamtafuta mwuaji. Upepo wa kusi ukasingizia nguvu za ukuta; ukuta, panya; panya, paka; kisha kamba, kisu, moto, maji na ng'ombe, mpaka wakafika kwa paa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi aina ya ngano hii na muundo wake. Manufaa yake niliyajua gizani, taa imekwisha kuzimwa. Mkubwa huulinda mfululizo usikosewe, wa kati hudakia jina lifuatalo, na mdogo hubembelezwa na sauti ile ile ijirudiayo, akalala kabla hatujafika kwenye kisu. Sauti moja yawashika watoto wa umri mbalimbali kwa wakati mmoja, na mikono yabaki huru. Sijivuni kwa hili. Uko usiku ambao mimi husinzia kabla yao, na uko usiku ambao simu hushinda.

Basi nataka mambo matatu. Mtafiti aandikapo ngano, aandike pia ilisimuliwa saa ngapi, kwa watoto wangapi, na nani alikuwa akifanya kazi gani wakati huo. Wakuu wa vyuo na ofisi waache kuitisha mikutano wakati wa magharibi, kana kwamba kila mfanyakazi ana mtu wa kumlazia watoto. Na jamaa amwitaye mzazi pekee mwenye nusu nyumba, na aje ailete hiyo nusu nyingine, japo kwa saa moja, jioni moja katika juma.

Katika hadithi ya Goso kila mshtakiwa alimtaja mwingine, na aliyepigwa mwisho ni paa, aliyeulizwa akanyamaza. Nasi twafanya vivyo hivyo: shule yalaumu nyumba, wasomi walaumu televisheni, jamaa walaumu talaka, mpaka lawama ikamfikia mzazi mmoja aliyechoka mno hata hawezi kujibu. Tofauti ni kuwa paa alikuwa na kosa.